Tulivyoupata tena ukurasa wa biashara uliosimamishwa

Ukurasa wetu wa biashara kwenye mtandao wa kijamii uliposimamishwa, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa "achana nao, fungua mwingine". Wa pili ulikuwa huohuo. Wa tatu pia, tena aliyenipa alionekana kushangaa kwa nini bado nahangaika. Naomba niseme mapema: huo ni ushauri mbaya kuliko wote niliousikia, na kama ningeufuata, leo nisingekuwa na ukurasa wowote.

Mtandao unapokufungia, mara nyingi unakuwa umekuzuia wewe mwenyewe, siyo jina la ukurasa peke yake. Ukifungua mwingine kwa simu ileile, baruapepe ileile na kadi ileile ya kulipia matangazo, mfumo unaona mtu yuleyule anakwepa adhabu, na kukwepa adhabu ni kosa jipya linalojitegemea. Ule mpya unafungwa, na rufaa ya ule wa zamani inapoteza nguvu. Halafu kuna hasara ambayo washauri wangu hawakuifikiria. Sisi tunashona nguo za watoto kwa oda. Vipimo vya watoto, upana wa mabega, urefu wa mikono, rangi alizochagua mama, vyote vilikuwa kwenye inboksi ya ukurasa. Maoni ya wateja ya miaka mingi nayo yalikuwa humo. Huwezi kuvihamisha kwa kufungua ukurasa mpya wenye jina linalofanana.

Mtandao wenyewe sitautaja, maana mambo haya yanatokea kwenye mitandao yote mikubwa na njia ya kutokea inafanana.

Baada ya "fungua mwingine" wakaja wenye "watu wa ndani". Mara tu unapoandika mahali popote kwamba ukurasa umefungwa, wanajitokeza. Mmoja alinitumia picha ya skrini ya mazungumzo aliyodai ni yake na mfanyakazi wa mtandao, akataka nusu ya malipo mbele na nusu ukurasa ukirudi. Nilimuuliza atafanya nini hasa. Jibu lake: "Bosi, wewe nitumie ule msimbo wa tarakimu sita utakaoingia kwenye simu yako sasa hivi, mengine niachie." Hapo hapo nikamfungia njia. Msimbo ule ndio ufunguo wa akaunti yako. Ukishautoa, mtu anaingia, anabadilisha baruapepe na namba ya simu, na kuanzia hapo unakuwa na matatizo mawili badala ya moja. Hakuna mfanyakazi wa mtandao wowote anayehitaji msimbo huo kutoka kwako.

Wiki hiyohiyo ilikuja baruapepe yenye nembo nzuri kabisa, ikisema ukurasa utafutwa ndani ya saa 24 kwa kukiuka hakimiliki, bonyeza hapa ukate rufaa. Sikubonyeza. Kuna namna rahisi ya kuhakiki ambayo watu wengi hawaijui: Facebook na Instagram zina sehemu ndani ya mipangilio ya usalama inayoonyesha baruapepe walizokutumia karibuni. Kama ujumbe hauko kwenye orodha hiyo, haukutoka kwao. Ile yangu nilipoangalia jina la mtumaji, baada ya alama ya @ palikuwa na maneno marefu yasiyohusiana na mtandao wowote.

Sasa nije kwenye rufaa. Nilibonyeza kitufe cha kuomba mapitio, nikaeleza kwa kirefu kwamba tunauza nguo za watoto, hatujawahi kuposti kitu kibaya, picha zote tunapiga wenyewe. Jibu lilirudi haraka mno kwa mtu kuwa amelisoma: uamuzi haubadiliki. Nikaomba tena pale nafasi ilipokuwepo, nikaambatisha picha za bidhaa na karatasi za usajili wa biashara. Jibu lilelile. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na mimi nilikuwa karibu. Jamani, inauma kuona kazi ya miaka inajibiwa na mashine.

Kilichonitoa ni kuacha kuandika na kuanza kusoma. Nilifungua taarifa ya kusimamishwa na kuisoma neno kwa neno. Haikusema kwamba tumeposti kitu. Ilisema ukurasa unahusishwa na akaunti iliyokiuka taratibu. Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha kila kitu, kwa sababu kumbe nilikuwa najitetea kwa shtaka ambalo halikuwepo.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye biashara mtandaoni alielewe. Kile tunachokiita "ukurasa" ni mkusanyiko wa vitu vinne vinavyoshikamana: akaunti binafsi ya msimamizi, ukurasa wenyewe, akaunti ya matangazo, na akaunti ya biashara inayovishika vyote. Kila kimoja kinaweza kufungwa peke yake, na kila kimoja kina rufaa yake. Kikifungwa kimoja, vingine vinaweza kufuata. Ukikata rufaa kwa kitu kisicho chanzo, utajibiwa hapana hata kama uko safi kama theluji.

Mimi bado niliweza kuingia kwenye akaunti ya biashara, nikaenda kwenye kumbukumbu ya shughuli. Mstari kwa mstari, nikayaona. Saa tisa usiku, akaunti ya mdogo wangu, ambaye ndiye anayejibu wateja, imeongeza msimamizi mpya mwenye jina nisilolijua. Dakika chache baadaye, kikomo cha matumizi ya matangazo kimeondolewa. Kisha tangazo jipya, la saa za mkononi, likipeleka watu kwenye tovuti ambayo haituhusu. Kisha lingine. Kisha lingine. Mdogo wangu saa hiyo alikuwa amelala. Nywila yake ilivuja kutoka kwenye tovuti nyingine kabisa na mwizi akaijaribu hapa ikakubali. Mwizi alitumia akaunti yake kupita, akatangaza utapeli kwa kadi yetu, mfumo ukaona utapeli, ukafunga kila kitu kilichoguswa.

Nilipiga picha za skrini za mistari yote ile, tarehe na saa zikionekana, kabla sijagusa chochote. Hili msilisahau. Ukianza kusafisha kwanza, unafuta ushahidi wako mwenyewe.

Ndipo nikafanya kitu ambacho bado najivunia. Mitandao mingi huwapa watangazaji mlango wa kuzungumza na mtu halisi, hata pale ambapo watumiaji wa kawaida hawana. Niliingia kupitia sehemu ya msaada wa matangazo. Najua wengi mnaufikia mlango huo na kuandika "nirudishieni ukurasa wangu tafadhali", na mhudumu anajibu kwamba hana mamlaka, mazungumzo yanaisha. Mimi niliuliza swali ambalo mhudumu anaweza kulijibu kwa kuangalia skrini yake: "Naomba unithibitishie, kizuizi kimeanzia kwenye ukurasa, kwenye akaunti ya matangazo, au kwenye akaunti ya mmoja wa wasimamizi?" Akakaa kimya kidogo. Akarudi: kimeanzia kwenye akaunti ya msimamizi, na kuna shughuli za matangazo zisizo za kawaida. Nikamwomba aliandike hilo kwenye kesi na anipe namba ya kesi. Akanipa. Kuanzia siku hiyo kila nilipozungumza na mhudumu mwingine nilianza na namba ile, na sikuwahi tena kuambiwa nianze hadithi upya.

Usafi ukafuata. Mdogo wangu aliripoti akaunti yake kuwa imedukuliwa kwa njia rasmi. Kwa Facebook anwani yake ni facebook.com/hacked, na Instagram ni instagram.com/hacked. Akaipata, akabadilisha nywila, akatoa vifaa vyote asivyovijua. Mimi nikamwondoa yule msimamizi mgeni, nikasimamisha matangazo yake, na nikaondoa programu zote zilizounganishwa ambazo hatuzitumii. Wasimamizi wote tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, lazima na msimbo.

Kitambulisho, ambacho mtandao ulitaka picha yake kuhakikisha mimi ni nani, nacho kilinisumbua. Picha ya kwanza ilikataliwa, na ya pili. Mwanga wa kamera ulikuwa unapiga kwenye plastiki na kufuta sehemu ya namba. Nilichofanya: nikakiweka juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha mchana, bila mwanga wa kamera, pembe zote nne zikionekana, na sikuikata wala kuirekebisha picha. Ikapita. Angalia pia majina. Kitambulisho chako kina majina matatu, akaunti yako ina jina la utani na la biashara, mfumo utakuona mtu mwingine. Majina yafanane kabla hujafungiwa, maana ukishafungiwa kubadilisha jina kunazua maswali.

Rufaa iliyofanikiwa ilikuwa fupi kuliko zote. Iliandikwa hivi: "Akaunti ya msimamizi wetu ilidukuliwa tarehe hii saa hizi. Mdukuzi aliongeza msimamizi mwingine na kuendesha matangazo haya. Akaunti imerejeshwa, msimamizi huyo ameondolewa, uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa kwa wasimamizi wote. Picha za kumbukumbu zimeambatishwa. Namba ya kesi ni hii. Tunaomba ukurasa upitiwe upya." Hakuna kulalamika, hakuna historia ya biashara, hakuna vitisho vya mahakama. Ukurasa ukarudi na wafuasi wake, maoni yake, na vipimo vya watoto wote kwenye inboksi. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Usikae na rufaa muda mrefu ukitafuta mtu wa kukusaidia. Facebook, kwa mfano, hutoa siku 180 za kukata rufaa kwa akaunti iliyosimamishwa. Zikipita, inafungwa kwa kudumu. Na kama uko katika nchi za Umoja wa Ulaya, una silaha ambayo wengine hatuna: Sheria ya Huduma za Kidijitali, inayozibana huduma za mtandaoni kwa upana tangu Februari 2024, inautaka mtandao ukupe sababu za uamuzi wake, ukupe angalau miezi sita ya kulalamika bila malipo, na malalamiko yako yasiamuliwe na mashine peke yake. Itajeni sheria hiyo kwa jina mnapoandika.

Tangu hapo tumebadilisha mengi. Tuko wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili, kila mmoja kwa akaunti yake, kwa sababu akifungiwa mmoja, mwingine bado anaweza kuingia na kukata rufaa. Anayejibu wateja anapewa kazi ya kujibu wateja tu, hawezi kuongeza mtu wala kugusa kadi. Uthibitishaji wa hatua mbili tunautumia kwa programu ya simu inayotoa misimbo, siyo kwa SMS, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli. Misimbo ya akiba, ya kuingilia pale simu ikipotea, imeandikwa kwenye karatasi na karatasi iko kabatini. Kadi ya matangazo ni ya peke yake, inawekwa pesa ya matangazo tu. Na kila mwezi napakua nakala ya taarifa za ukurasa, pamoja na kunakili oda na namba za wateja kwenye daftari letu wenyewe.

Upande wa maudhui, muziki ndio mtego mkubwa. Wimbo unaoruhusiwa kwenye akaunti binafsi unaweza kuwa marufuku kwenye akaunti ya biashara. TikTok ina maktaba ya muziki wa kibiashara, na Meta, wamiliki wa Facebook na Instagram, wana mkusanyiko wa sauti za bure, chukueni humo. Kwa wenye chaneli za YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanatosha kuiangusha chaneli. Matangazo nayo yana lugha yake. Sera za Meta haziruhusu tangazo linalomwambia msomaji jambo la mwili wake au hali yake, kama "je, wewe ni mnene?", kwa hiyo eleza bidhaa, muache mtu ajitambue mwenyewe. Wafuasi wa kununua, ujumbe mmoja kunakiliwa kwenye makundi mengi kwa mkupuo, picha za chapa za watu, hivyo vyote ni kujitafutia maneno.

Fedha za matangazo ya mwizi ndizo zilizochelewa. Kila mtu aliniambia nikimbilie benki nikakatae malipo yale. Nilisubiri, na nawashauri nanyi msubiri, kwa kuwa malipo yakirudishwa na benki wakati kesi iko wazi, akaunti ya matangazo inaonekana ina deni na inaweza kufungwa kwa sababu hiyo mpya. Nilidai kupitia kesi ileile, kwa picha zilezile za kumbukumbu. Sehemu kubwa ilirudi, siyo taslimu bali kama salio la matangazo, na tulilitumia kidogokidogo, tangazo moja dogo kwa wakati, mpaka akaunti ya matangazo ikazoea tena matumizi yetu ya kawaida.