Nilivyojifunza kusema "twende" kwa Kilithuania bila kumtembeza mtu kilomita 28

Mi nilifika Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, mwezi wa tisa, masomo yote kwa Kiingereza, dukani unanyoosha kidole, maisha yanaenda. Kilichokuwa kinaniuma ni jioni pale hosteli. Mtu anapita koridoni anatupa kaneno kamoja, wenzangu wote wanavaa makoti na viatu, mara kimya, mi nimebaki na chai yangu. Nilidhani wananitenga kumbe wapi, walikuwa wananialika kila siku ila sijui kama nimealikwa!

Neno lenyewe ni einam. Unalisoma hivyohivyo lilivyo, ei ya kwenye bei halafu nam. Kitabu cha darasa la lugha kilituwekea eikime, hiyo ndo twende ya rasmi, lakini koridoni kwetu sikuwahi kuisikia hata mara moja. Watu wanasema einam, ambayo kwa haki yake ni "tunaenda", au eime, ambayo mi naichukulia kama twenzetu yetu.

Basi nikajiona nimeiva. Jumamosi moja nikamwambia rumeti wangu, "Eime į Trakus!" Nilikuwa nimeona picha ya ile ngome ya matofali mekundu iliyokaa kisiwani ziwa Galvė, na nilijivunia hadi mwisho wa neno nimeubadilisha vizuri, maana mji unaitwa Trakai, ukiwa unauendea unakuwa Trakus, ukishafika uko Trakuose, lugha ina kesi saba, yaani mwisho wa nomino unabadilika kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, na hata majina ya miji hayaonewi huruma. Jamaa akaniangalia viatu. Akauliza taratibu, "Pėsčiomis?" Kwa miguu? Trakai ni kama kilomita 28 kutoka Vilnius.

Kumbe eiti, kitenzi kinachozaa einam na eime, ni kwenda kwa miguu yako mwenyewe, ukipanda basi au treni au gari ni važiuoti, kwa hiyo nilitakiwa kusema važiuojam. Sisi twende ni twende tu, iwe gengeni iwe Dubai, mtajua mbele ya safari mnafikaje. Hawa unatakiwa ujue usafiri kabla hujafungua mdomo. Na ile ž ilinitesa kweli, Kiswahili hatuna hiyo sauti, wiki nzima nikawa nasema "vaziuoyam" na wakawa wananielewa kwa huruma.

Kitu kilichonitoa ni gal, yaani labda. Ukiitanguliza, ule mwaliko unalainika. Gal einam kavos? Labda twende kahawa? Hamna hata neno kunywa hapo, kavos inajitosheleza. Kwetu ukimwambia mtu "labda twende" atajua hela huna au moyo haupo, huku labda ndo uungwana wenyewe. Nilimwomba rumeti anirekodie sentensi kama kumi kwenye simu, nikawa nazisikiliza kwenye basi nikinong'ona kama mwehu, halafu nikajiwekea sharti kwamba kila siku lazima nialike mtu mmoja mahali, hata kama ni kushuka tu dukani.

Kuuliza kulizoeleka haraka, shida ikawa majibu. Mielai ni kwa furaha, gerai ni sawa, hizo hazina tabu. Deja, negaliu ni bahati mbaya siwezi. Gal kitą kartą ni labda siku nyingine. Halafu kuna pažiūrėsim, hii ni tutaona, na nakuhakikishia ni ileile tutaona ya kwetu, usikae unasubiri.

Kwa wakubwa ni habari nyingine, mtu mzima mmoja unamsemesha kwa jūs, yaani ninyi, ukimrushia "tu", yaani wewe, unajisikia kama umempita mzee bila shikamoo. Kulikuwa na bibi wa mapokezi, nilimkuta na kikapu anaenda soko la Halės, nikakwepa mtego wote wa sarufi nikauliza, "Ar galiu eiti kartu?" Naweza kwenda pamoja nawe? Akasema einam, einam, huku ashatangulia. Sokoni akaniwekea puani kishada cha majani membamba, "krapai", nirudie, nikarudia, hapana tena, nikarudia hadi muuza uyoga wa pembeni naye akaanza kunisahihisha. Siku ile nilijifunza kuliko mwezi mzima wa darasa.

Trakai nilienda baadaye. Nilimtumia rumeti meseji, "Gal šeštadienį važiuojam į Trakus?", nimeihakiki mara tano, Jumamosi ipo, usafiri upo, labda ipo. Akajibu neno moja, "Davai". Hilo halimo kitabuni, ni la Kirusi, ila vijana wanalitumia kutwa. Tukapanga na kula kibinai, zile kama sambusa kubwa za kuokwa zenye nyama, chakula cha Wakaraimu, watu ambao mtawala Vytautas aliwaleta kutoka Krimea mwishoni mwa karne ya 14.

Treni ni kama nusu saa. Tukashuka stesheni, nikatafuta ngome kwa macho, hakuna, kumbe bado kuna mwendo wa kupita mji mzima. Jamaa akafunga zipu ya koti, akaniangalia viatu tena.

"Dabar einam," akasema. Sasa ndo eime.