Sangara wa Kapuściński

Nimerudi. Miaka 9 Warsaw, na leo ni wiki ya tatu niko Mwanza. Nilipoondoka, kwenda kwa mjomba Sengerema kulikuwa na kazi ya kusubiri kivuko pale Kigongo, siku nyingine hadi jua linazama. Safari hii gari limepita juu ya daraja, kilomita 3 za maji chini yetu, na kabla sijashiba kuchungulia dirishani tumeshafika Busisi. Machozi yalinilengalenga, sikuyaficha.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja tu cha Kipolandi, Heban, yaani mpingo, cha mwandishi wa habari Ryszard Kapuściński. Kule ukisema umetoka Tanzania, watu wa umri wa wazazi wangu hukutajia jina hilo kabla hujamaliza kusalimia. Nilikisoma katika baridi ya mwaka wangu wa pili, wakati nyumbani kulikuwa mbali mno. Humo nikaikuta Dar es Salaam ya 1962, alipopelekwa kuwa mwandishi wa shirika la habari la Poland. Aliugua malaria, ikafuata kifua kikuu, akatibiwa kimyakimya kwenye zahanati ya watu wa kawaida kwa kuhofia wakubwa wake wasimrudishe kwao. Nikaikuta na Zanzibar, siku chache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Nilimpenda kama ndugu.

Bado nampenda. Alizaliwa 1932 katika mji wa Pińsk, ambao leo uko Belarus. Jeshi la Kisovieti liliingia akiwa na miaka 7, akakua na njaa na vita. Nchi yake ilikuwa imefutwa kwenye ramani kwa miaka 123, hadi 1918, na alipofika Ghana aliwaeleza wenyeji kwamba Poland haina makoloni, tena nayo iliwahi kutawaliwa. Siasa zake naona zilianzia hapo, kwa mtu asiye na viatu. Aliingia chama cha kikomunisti 1953. Angola, 1975, moyo wake ulikuwa kwa MPLA, chama cha ukombozi cha mrengo wa kushoto, na hakuficha. Lakini wafanyakazi wa mji wa Gdańsk, kule Poland, walipogoma mwaka 1980 alikwenda kukaa nao, na serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi mwishoni mwa 1981 akaachana na chama. Hakuwa peke yake aliyefanya hivyo.

Sasa kuna ukurasa mmoja. Anasimulia soko la samaki la Kampala wakati wa Idi Amin. Samaki mkubwa ajabu anatupwa mezani na watu wote wananyamaza, kwa sababu kila mtu anajua amenenepa kwa maiti zilizotupwa ziwani. Nikiwa Warsaw nilisoma nikasisimka mwili mzima. Niliwahi hata kuwasimulia wenzangu chuoni, mimi mtoto wa Mwanza, kana kwamba niliyaona. Hilo linaniuma hadi leo.

Juzi asubuhi nikamsomea mjomba ukurasa huo mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, natafsiri sentensi kwa sentensi. Alikuwa ameshika kisu, akakiweka chini.

"Mjomba, huyo bwana alimuuliza nani?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Amin aliua, hilo halina ubishi. Sisi huku tunaijua vita ya Kagera, tumezika. Na maiti zilitupwa majini kweli. Lakini samaki mkubwa hivyo ni sangara, na sangara aliletwa na wazungu, akapandikizwa upande wa Uganda kabla ya uhuru. Akanenepa kwa kumla furu, samaki mdogo wa asili wa ziwa hili. Ziwa zima lilikuwa furu, wa kila rangi, sisi watoto tunawavua kwa ndoano ya pini. Leo unawaona wapi?"

Kabla ya hapo sikuwa nimemsikia mjomba akiongea kuhusu furu kwa sauti ile. Ni sauti ya msibani.

Huko Poland, mwandishi Artur Domosławski alitoa kitabu cha wasifu wa Kapuściński mwaka 2010, akaonyesha mengine: Kapuściński aliacha watu waamini amekutana na Lumumba, na hakuwahi. Alifika Kongo mwaka 1961, Lumumba ameshauawa. Mjane wa Kapuściński alikwenda mahakamani kukizuia kitabu hicho. Nilikuwa upande wa mjane. Nilidhani wanamchafua marehemu. Leo nadhani kosa la samaki ni kubwa kuliko la Lumumba, kwa sababu Lumumba ana wa kumsemea, na pale sokoni alikuwapo mama muuza samaki ambaye angemjibu kwa dakika moja.

Mjomba akarudia kazi. Akampasua sangara wa kilo kama 8, akatoa kwanza bondo, kile kibofu chake cha hewa, taratibu, maana bei yake inaipita minofu, akaliweka kwenye beseni la maji safi. Kisha akakata tumbo la chakula na kulikamua juu ya ubao. Dagaa wengi, wengine bado wanang'aa. Uduvi. Na sangara mchanga mmoja, urefu wa kidole changu.

"Anamla hata mwanawe," akasema. "Furu wengi wamekwisha."

Akanawa mikono, akajifuta kwenye suruali, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Haya mjomba, nisomee hiyo ya Zanzibar. Polepole."

Nikafungua.