Ua la Kopo la Rangi

Nyumbani kwa shangazi yangu, Ujiji, kuna ua la rangi ya waridi lenye petali tano, lililopandwa katika kopo kuukuu la rangi kando ya mlango. Hakuna anayelimwagilia kwa makusudi. Hupata maji ya watu wanaotawadha, na hata hivyo huchanua mwaka mzima. Mwaka juzi, shangazi alipoambiwa kwamba uvimbe ulio katika titi lake ni saratani, jirani alimshauri achemshe majani ya ua hilo na kunywa kikombe asubuhi na jioni, kwa kuwa alisikia kwamba ndiyo yanayotengenezewa dawa ya saratani. Alikunywa kwa wiki tano kabla hajatuambia.

Mimi hufundisha baiolojia, na kilichonitatiza ni kwamba jirani hakusema uongo. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaika alituma Kanada bahasha yenye majani 25 ya mmea huo, ambao huko watu waliunywa kama chai ya kisukari. Mtafiti Robert Noble, na baadaye mwenzake Charles Beer, waliyafanyia majaribio. Panya walionyweshwa maji ya majani hayo hawakubadilika sukari, lakini waliodungwa walikufa kwa maambukizi, kwa sababu chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Hapo ndipo watafiti walipowaza kwamba kinachoangusha chembe nyeupe huenda kikamfaa mgonjwa ambaye chembe hizo zimezidi kupita kiasi. Mwaka 1958 ikatangazwa dawa ya vinblastini, iliyotokana na majani hayo. Nduguye, vinkristini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo hutumika kwa watoto wenye saratani ya damu na wale wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda.

Kisa cha panya ndicho nilichomsimulia shangazi, kwa sababu kinajibu suala la sufuria kuliko hotuba yoyote: walionyweshwa hawakupata kitu, na waliodungwa bila kipimo walikufa. Dawa hizi hushika nyuzi nyembamba ambazo chembe huzitumia kugawa vinasaba vyake inapojigawa, hivyo chembe ya saratani, ambayo haipumziki kujigawa, hukwama katikati ya kazi. Lakini uboho unaotengeneza damu nao haupumziki, na neva za vidole zinazitegemea nyuzi hizo hizo, ndiyo maana mgonjwa hupatwa na ganzi. Kupata gramu moja ya dawa hiyo huhitaji mamia ya kilo za majani makavu. Katika kikombe cha shangazi hakuna ambaye angeweza kusema kuna kiasi gani.

Aliliacha ua, akahamia kwenye mawese. Alikuwa akinywa kijiko kila asubuhi, mawese mabichi ya sokoni, mazito, yanayoacha rangi ya chungwa kwenye kucha, eti rangi hiyo huzuia saratani kusambaa. Rangi hiyo ni betakarotini, na wazo lake lilikwisha kuwapitia wataalamu pia. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji wa sigara waliingizwa katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa vidonge vya betakarotini, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliovimeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Silaumu mawese, mimi mwenyewe siwezi kula maharage bila mawese. Nilimwambia tu ayarudishe jikoni.

Hatimaye tulipanda basi kwenda hospitali, Mwanza. Muuguzi alimpima urefu na uzito, akakokotoa kipimo kwa kalamu pembeni ya karatasi, kisha akatundika chupa. Shangazi akauliza kama ndiyo yale majani yake.

"Hapana, shangazi," nikamjibu. "Hii ni paklitakseli. Iligunduliwa kwenye gome la mti wa Marekani, lililokusanywa mwaka 1962, na wagonjwa wa kawaida hawakuipata mpaka miaka 30 ikapita."

Alitazama matone kwa muda mrefu. "Miaka 30 kwa gome," akasema, "na mimi nilitaka yachemke kabla ya adhuhuri."