Faili Limesomwa Hadi Wapi?

Programu inayoagiza kusomewa mstari mmoja wa faili la maandishi kwa kawaida husababisha baiti nyingi zaidi kusomwa. Kwa mfumo endeshi, faili halina mistari. Lina baiti zinazofuatana tu, na alama ya mwisho wa mstari ni baiti kama nyingine, yenye thamani ya 10. Kwa hiyo maktaba ya lugha ya kuandikia programu huomba fungu kubwa la baiti, hulihifadhi katika sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, kisha hukata humo mistari kadiri inavyohitajika.

Faida yake hukokotoleka kwa urahisi. Faili la baiti 1,048,576 likisomwa baiti moja moja kwa FileInputStream ya lugha ya Java, bila bafa, huhitaji maombi zaidi ya milioni moja, na kila ombi huilazimu prosesa kuacha kazi ya programu, kuingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kurudi. Kwa bafa ya baiti 8,192, maombi 128 hutosha kulileta lote.

Kwangu mimi, hata hivyo, kasi si jambo zito kuliko yote. Zito zaidi ni kwamba sasa kuna mahali pawili: programu inapodhani imefikia, na kerneli ilikokwisha kufika. Katika lugha ya C, ukisoma mstari kwa fgets, inayotumia bafa, kisha ukaita read, inayoiomba kerneli moja kwa moja, juu ya faili lilelile, utaruka kila kilichosalia ndani ya bafa. Faili likiwa fupi, huenda ukaambiwa limekwisha ilhali umeona mstari mmoja tu. Python ni mkweli zaidi: ukiita tell(), inayouliza mahali ulipofikia katika faili, katikati ya kitanzi cha for kinachopitia mistari, hukataa kwa kosa liitwalo OSError. Nayo amri ya read ya bash, programu ya kupokea amri za mtumiaji, inaposoma kutoka kwenye paipu, yaani njia inayopitisha data kutoka programu moja hadi nyingine, huchukua baiti moja moja kwa makusudi, ili isimeze mistari ambayo programu nyingine inaisubiri.

Anayejitengenezea bafa yake mwenyewe akumbuke pia UTF-8, mfumo wa kuandika kila herufi kwa baiti moja au zaidi. Neno ng’ombe likiandikwa kwa kiapostrofi kilichopinda, alama hiyo pekee huchukua baiti 3, na mpaka wa fungu unaweza kuangukia katikati yake. Anayefasiri kila fungu peke yake atapata herufi zilizoharibika, na hatayaona hayo kwenye majaribio, kwa kuwa faili dogo la majaribio huingia lote katika fungu moja.