Gir: uliza kwanza kama ni Devalia

Mtu akikuuzia "safari ya Gir", msitu wa simba wa Asia huko Gujarat, India, usitoe rupia hata moja kabla hujamuuliza: Devalia au msituni? Mimi sikuuliza. Dalali mmoja wa Rajkot alinikatia tiketi, na kesho yake nikajikuta ndani ya basi. Devalia ni kipande kilichozungushiwa uzio, hekta 412 tu. Simba huwakosi, wamejilaza kando ya njia kama ng'ombe walioshiba, na hujakaa vizuri umesharudishwa getini. Jumatano ndiyo hakufunguliwi kabisa.

Kibali cha msitu wenyewe hukatwa mtandaoni, mapema. Ni cha gari zima, watu sita, si cha kichwa. Ukienda peke yako unaubeba mzigo wote, na mgeni hutozwa mara kadhaa ya Mhindi. Kamera ina ada yake, gari na kiongozi wa msafara wanalipwa kando. Andika namba ya pasipoti utakayoibeba mkononi. Ukijaza ya zamani, imekula kwako. Na kuanzia 16 Juni hadi 15 Oktoba usijisumbue, mvua za monsuni huufunga msitu.

Gari ni Maruti Gypsy, lililo wazi juu na pembeni. Januari alfajiri upepo unakata masikio, basi beba blanketi la hoteli bila aibu. Msitu ni wa misaji, majani makavu yana rangi ile ile ya simba. Anaweza kuwa hatua ishirini usimwone. Kwa hiyo huko husikilizwa kwanza. Chitali, mnyama kama swala mwenye madoa meupe, akitoa mlio wake mkali, dereva anazima injini na watu wote kimya.

Dume aliyetoka alikuwa na manyoya haba kichwani, masikio yake yote mawili nje, na tumboni kunjo la ngozi likining'inia kwa urefu. Simba wa kwetu ni nadra kumkuta nalo. Hesabu ya 2025 ilitoa simba 891, zaidi ya nusu wakiwa nje ya hifadhi ya Gir, wengine hata kwenye mashamba ya watu.

Kisha, kona mbili mbele, nyati wa maziwa na mchungaji mwenye fimbo! Wamaldhari, wafugaji wa huko, wanaishi humo humo, nyumba zimezungushiwa miiba, boma kabisa. Wengi walihamishwa miaka ya 1970, waliobaki wanakamua na kuuza maziwa. Nikawakumbuka Wamasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959.

Kiongozi wetu alikuwa Msiddi, wa vizazi vya Waafrika waliofika Gujarat wakiwa watumwa, askari na mabaharia. Sura ya Tanga au Lindi hivi. Nikajikuta nimemwamkia, "Habari za asubuhi?" Akacheka, akanijibu Kigujarati, kisha akanyoosha kidole: nyayo mbichi, vumbini, zikivuka njia.