Mguu wangu kalipa Bismarck

Watu wa Mwanza mnalijua lile jiwe ziwani pale karibu na kivuko cha Kamanga, Bismarck Rock, lenye jina la Bismarck, yule kansela wa Ujerumani wa zamani, kila mgeni lazima apige nalo picha. Mimi huyo mzee nina deni naye, na sitanii.

Niko likizo kwa mama, Bugarika, na kila anayekuja kunisalimia anaanza na pole anamalizia na we mwanaume jasiri, mwingine angeshakata tamaa. Ujasiri gani jamani. Foklifti ilinibana ghalani Bremen, Ujerumani, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti, nikalia kama mtoto, hata simu za mama nikawa sipokei. Kilichoniinua ni bima. Wajerumani wana sheria ya bima ya ajali kazini tangu 1884, enzi za Bismarck huyo huyo, michango analipa mwajiri wewe hukatwi hata senti, na ukiumia kazini inalipa hospitali, mguu wa bandia, mazoezi ya kutembea, halafu kama kazi ya zamani huiwezi tena inakusomesha nyingine. Nilikuwa mtu wa kupanga maboksi, leo nakaa ofisini napanga safari za malori. Sasa hapo jasiri nani?

Sio kwamba ni mteremko, tena mteremko wenyewe ndo balaa, yale mawe ya Bugarika kupanda naweza ila kushuka nashika ukuta kama mlevi. Joto nalo, ile laina ya silikoni, kama soksi navaa kwenye kigutu, inajaa jasho mguu unaanza kucheza, nakaa pembeni nauvua nafuta kigutu navaa tena, watoto wote wa mtaa wako pale wanashangaa. Na usiku vidole ambavyo havipo vinawasha! Mama akasema ng'wanawane tumwite mtu akuangalie, nikamwambia mama hata Wazungu yanawapata, ubongo haujakubali tu kwamba mguu haupo. Hakuridhika.

Halafu kuna dogo mmoja jirani, bodaboda, kakatwa wa kulia. Huku WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ipo, imeanza 2015, ila ni ya mwenye mwajiri, sasa bodaboda au mvuvi wa Mwaloni nani amchangie? Ndugu walichangishana WhatsApp, pikipiki ikauzwa, anatembelea magongo. Kaniuliza kwa adabu kabisa, bro ule wa zamani ukibadilisha huwa unautupa? Nikamwelezea soketi, pale kigutu kinapoingia, haiazimiki, inatengenezwa kwa kipimo cha kigutu chako mwenyewe, na mafundi wa hiyo kazi wapo, wanasomea Moshi pale hospitali ya KCMC. Lile bomba la kati fundi akilikagua linaweza kutumika, ila unyayo wangu ni wa kushoto, haumfai. Anavaa kiatu namba 41. Natafuta unyayo wa kulia wa saizi hiyo, mwenye koneksheni aniambie kabla sijapanda ndege.