Kilomita 400 Kwenda Kulala Kwenye Barafu

Tangu niliporudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Januari, kila anayeiona ile picha kwenye simu yangu, ambamo mimi na mke wangu tumekaa juu ya kitanda cha barafu tukiwa tumejifunika ngozi, huniuliza swali lile lile: ilikuwaje? Kwa mwezi mzima nimekuwa nikijibu kwamba ilikuwa nzuri, kwa sababu mtu aliyetumia fedha nyingi kiasi kile huona aibu kusema vinginevyo. Leo nimekaa sebuleni kwangu Sinza, feni imenielekea na fulana imelowa jasho, na naona ni wakati wa kusema kweli. Hoteli ile ya barafu tuliyolala kule Finland ilinisikitisha, na kadiri ninavyoifikiria safari yenyewe ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sehemu tuliyoilipia ndiyo iliyokuwa duni kuliko zote.

Chanzo cha safari ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anasoma katika mji wa Oulu ulio pwani ya Finland na ambaye kwa miaka miwili alikuwa akitusihi tukamtembelee wakati wa Krismasi. Mimi ni mtu wa ujenzi. Nimesimamia kazi za majengo tangu nilipomaliza chuo. Yeye analijua hilo, kwa hiyo akaanza kunitumia habari za hoteli za barafu, na hapo ndipo aliponipata.

Hoteli mashuhuri kuliko zote za aina hiyo iko Jukkasjärvi, kijiji cha kaskazini mwa Sweden karibu na mji wa Kiruna, ambako historia yake inaanzia mwaka 1989, na hujengwa upya kila majira ya baridi kisha ikaachwa iyeyuke na kurudi mtoni. Barafu yake hukatwa kwenye mto Torne baridi inapokaribia kwisha, wakati imekwisha kuwa nene na ngumu, ikahifadhiwa ghalani hadi msimu unaofuata. Lililonivutia zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya jengo si barafu tupu. Theluji hupulizwa juu ya fomu za chuma zenye umbo la tao, ikaachwa ikakamae, kisha fomu zikavutwa na tao likabaki limesimama lenyewe, bila nondo wala saruji, kama mafundi wetu wanavyong'oa mirunda chini ya zege la ghorofa. Isitoshe, hewa iliyonaswa ndani ya theluji huzuia baridi ya nje isiingie, kiasi kwamba nje pakiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, vyumbani hubaki nyuzi 5 hadi 8 tu chini ya sifuri. Nilisoma mambo hayo usiku na mchana. Jukkasjärvi ilitushinda kwa bei na kwa umbali, ndipo shemeji akatafuta hoteli nyingine, ndogo zaidi, upande wa Finland, kaskazini ya mji wa Rovaniemi. Jina lake sitalitaja. Bei ya usiku mmoja kwa watu wawili ilikaribia kodi ya miezi miwili ya nyumba ninayokaa, lakini tangazo liliahidi chumba kilichochongwa na wasanii, chenye sanamu za wanyama ukutani na taa ndani ya barafu.

Makoti tulinunua kwenye mitumba, sokoni Karume. Kijana aliyeniuzia langu, zito kama godoro la mtoto, alifurahi waziwazi kulitoa mikononi mwake, kwa kuwa lilikuja ndani ya belo na lilikuwa limening'inia pale miezi kadhaa bila kuulizwa na mtu. Ndani ya kola lilikuwa na kibandiko chenye maandishi ambayo shemeji, tulipofika Oulu, aliyasoma mara moja na kucheka: lilikuwa koti la Kifini, limetoka kwao, limepigwa jua la Ilala na sasa limerudi nyumbani.

Tuliondoka Oulu tarehe 28 Desemba, saa mbili asubuhi, gizani. Kwa siku tano zilizotangulia ilikuwa nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, na nilikuwa nimezoea kuona magari uani yamechomekwa kwenye umeme kama simu zinazochajiwa, ili injini zisigande. Lakini usiku wa kuamkia safari hali ya hewa iligeuka, joto likapanda hadi juu kidogo ya sifuri, na manyunyu yakaanza. Mimi niliona ni heri. Shemeji, ambaye kwa kawaida haishi mizaha, alinyamaza, akalizunguka gari mara mbili akigusa matairi yake yenye misumari, akasema, "Shemeji, leo tutaenda polepole. Maji juu ya barafu ni mabaya kuliko barafu yenyewe."

Nilielewa maana yake baada ya mji wa Kemi, pale barabara ya E75 inapoiacha bahari na kuingia msituni. Lami ilikuwa imefunikwa na kitu kama kioo kilichopakwa mafuta. Magari ya kusukuma theluji yalipita yakimwaga changarawe, na pembezoni vilisimama vijiti virefu vya alama, kimoja baada ya kingine, ili dereva wa magari hayo ajue ukingo uko wapi theluji inapofunika kila kitu. Jua lilitukuta karibu na Rovaniemi mnamo saa tano, likajikongoja juu ya miti kwa muda mfupi, na kabla ya saa nane mchana lilikuwa limezama. Katikati ya muda huo mbingu ilikuwa na rangi ambayo sijapata kuiona pwani yetu, waridi kwa chini na buluu nzito kwa juu, na theluji yote ikaichukua rangi hiyo. Mke wangu aliomba tusimame. Tulisimama dakika kumi kando ya barabara tukinywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, hakuna aliyesema neno, na sasa ninapohesabu naona kwamba dakika zile zilikuwa na thamani kuliko usiku mzima uliofuata, nazo hazikuwa na bei.

Mbele zaidi tulikutana na reindia, kulungu wa nchi za baridi, saba au wanane, wakitembea katikati ya njia kwa utulivu wa ng'ombe wa Kimasai. Shemeji alipunguza mwendo kama dereva mwenye akili anavyofanya ndani ya Mikumi. Alitueleza kwamba si wanyama wa porini. Kila mmoja ana mwenyewe na ana alama sikioni, na maelfu hugongwa barabarani kila mwaka, na anayemgonga hana budi kupiga simu namba 112. Kwetu ukigonga swala Mikumi unatozwa faini. Kwao, alisema, jambo kubwa ni kutoa taarifa, ili mwenye mnyama alipwe na mnyama aliyejeruhiwa asiachwe ateseke.

Tulifika hotelini saa kumi na moja jioni, usiku wa manane kwa macho yetu. Mapokezi yalikuwa kwenye jengo la mbao lenye joto zuri. Binti aliyetupokea alitueleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kulirudia jambo hilo mara nyingi siku hiyo, kwamba kwa sababu ya joto vyumba vya wasanii vilikuwa havijakamilika na vimefungwa kwa usalama, na kwamba tungepewa chumba cha kawaida. Shemeji aliuliza kuhusu tofauti ya bei. Binti akageuza kioo cha kompyuta na kutuonyesha aya ya masharti: hali ya hewa si sababu ya kurudishiwa fedha. Kama mtu wa ujenzi ninaelewa kwamba kazi hucheleweshwa na mvua. Lakini mimi nikimchelewesha mteja, simkabidhi banda nikamtoza bei ya ghorofa.

Chumba cha kawaida kilikuwa pango jeupe lenye upana wa hatua tano, kitanda cha bonge la barafu chenye godoro na ngozi za reindia juu yake, na taa moja ya buluu sakafuni. Niliugusa ukuta kwa kiganja, kwa hamu ya kitaalamu, nikakuta una unyevunyevu. Mahali pa mlango palikuwa na pazia. Hadi saa mbili usiku wageni wa matembezi, waliolipa kiingilio cha kutazama tu, walikuwa wakilifunua pazia hilo na kutukuta tumekaa kitandani. Hapo ndipo ile picha ilipopigwa, na aliyetupigia ni baba mmoja mtalii ambaye nadhani alifikiri sisi ni sehemu ya maonyesho. Mizigo, mabafu na vyoo vilikuwa kwenye jengo la mbao, ng'ambo ya uwanja.

Nitasimulia choo, maana ndicho ninachokikumbuka vizuri kuliko yote. Niliamka saa tisa usiku. Mfuko wa kulalia ulikuwa umefungwa hadi kidevuni, na ukingo wake, pale pumzi ilipokuwa ikigonga, ulikuwa umeota chembe za barafu zilizonichoma shingoni. Nilijadiliana na nafsi yangu kwa takriban saa nzima. Hatimaye nikafungua zipu, joto lote nililolikusanya kwa usiku mzima likatoka kwa mara moja, nikatafuta viatu gizani, nikalitwaa koti la Karume na kuvuka uwanja ambao manyunyu yalikuwa yameugeuza sabuni. Niliteleza mara mbili. Nilipofika kwenye lile jengo la mbao nikakuta wageni wengine sita wamelala kwenye makochi karibu na moto, na mmoja wao akanisogezea nafasi bila hata kufumbua macho.

Pale kwenye kochi nilimkumbuka kiongozi wa msafara wa Johannes Rebmann. Mmisionari huyo alipoiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, aliandika kwamba kiongozi wake hakuwa na jina la kile kitu cheupe kileleni isipokuwa kukiita baridi. Wasomi wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta. Yule kiongozi alikuwa amemaliza kila kitu kwa neno moja, na sina la kuongeza juu ya hoteli ile. Ilikuwa baridi. Ukienda Soko la Samaki Feri asubuhi ukaona jinsi vibonge vya barafu vinavyovunjwa na kumwagwa juu ya changu na jodari, au ukamwona mtoto wa shule akinyonya barafu ya ukwaju saa saba mchana, utaona barafu ikiwa na kazi, kwa kuwa kuna joto la kupambana nalo. Kule ilikuwa imezungukwa na ndugu zake hadi upeo wa macho.

Mke wangu, niseme haki, alilala fofofo hadi asubuhi na anadai nilitia chumvi. Shemeji, aliyekodi kijumba cha kawaida cha mbao kwa robo ya bei yetu, alitukaribisha kifungua kinywa akijizuia kucheka, akashindwa.

Wiki iliyopita hoteli ilituandikia barua pepe. Vyumba vya wasanii vimekamilika, nyuzi zimeshuka, na kwa kuwa tulipata usumbufu tunapewa punguzo la asilimia 15 kwa usiku mwingine wowote kabla msimu haujafungwa. Sijaijibu. Koti bado linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na kila Jumamosi ninakumbushwa nilirudishe Karume.